Kiu ya Jiwe Jeusi

Manyunyu ya Bigwa yana tabia ya mgeni asiyeaga. Hayanyeshi, hayakati. Siku hiyo yalianza alfajiri, ikabidi Nasra atundike nepi za mtoto ukumbini huku akijua hazitakauka mpaka kesho. Alipoinama kuchukua nyingine kwenye beseni na kuinuka, zile za kwanza zilikuwa kavu. Tena si ukavu wa jua. Zilikuwa zimekakamaa kama ngozi iliyowambwa, na alipoikunja moja ilitoa mlio wa kuvunjika. Nasra ni mtu wa kushukuru nafuu yoyote inayopita mlangoni kwake. Alisema alhamdulillahi, akaanua, akatundika nyingine.

Mumewe, Mansuri, alikuwa chumba cha mtoto akilitazama jiwe lake. Hata angeambiwa habari za nepi asingejali. Alikuwa mtaalamu wa miamba, mtu wa Tabora aliyeletwa Morogoro na kazi ya mkataba akaoa hapo hapo, na tangu mkataba uishe kazi yake kubwa ilikuwa kukasirika. Alikasirikia kampuni iliyomwacha, akawakasirikia wenzake waliopata ajira Dodoma, akaikasirikia redio ya jirani. Jiwe lilikuwa kitu pekee ambacho kilikuwa hakijamuudhi, na hata lenyewe lilikuwa mbioni kumuudhi.

Lilikuwa kipande cha mwamba wa kijivu, la kutosha kiganja, na upande mmoja ulifunikwa na magamba membamba meusi yanayong'aa. Mansuri aliyatambua kwa kuyasoma. Yanaitwa melanothaliti, shaba iliyoungana na oksijeni na klorini, madini adimu ambayo wataalamu wengi wanazeeka bila kuyaona kwa macho. Shaba nyingine hukaa ardhini kwa utulivu ikisubiri mchimbaji. Hii huzaliwa pale volkano inapohema tu. Pumzi ya moto inatoka kwenye ufa, inagusa mwamba, na gamba jeusi linaganda palepale bila kupitia majini. Iliwahi kuonekana Vesuvio kule Italia, na Tolbachik kule Urusi, na si mahali pengi zaidi. Tena haidumu. Ikikutana na hewa ya kawaida inavuta unyevu, inageuka kijani, inakuwa kitu kingine.

Sasa Uluguru haina volkano. Ni milima ya miamba ya kale, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukwambia hivyo usingizini. Lakini Mansuri alilitoa jiwe hilo kwa mkono wake juu ya Mgeta, kwenye ufa uliokuwa ukitoa hewa ya moto katikati ya ukungu, umbali mfupi kutoka matuta ya kabichi. Na kwa wiki kadhaa sasa lilikuwa limekaa wazi kwenye rafu ya chumba cha mtoto, katika unyevu wote wa Bigwa, jeusi vilevile. Mansuri alikwisha kujiona akisimama mbele za watu akilieleza. Angekuwa mtu wa kwanza. Wale wa Dodoma wangempigia simu wao.

Hakuwa amelichukua kihuni. Aliomba ruhusa kwa adabu zote kwa baba mkwe wake, Mzee Halidi, ambaye nyumba yake iko chini ya kilima chenye ufa ule. Mzee alifurahi mno. Alivaa kanzu, akapanda naye, akanyunyiza unga wa mtama na maji kwenye mdomo wa ufa, akataja babu zake wote mpaka pumzi zikamwishia.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Hapa ni kwangu."

Adhuhuri ya siku ile ya nepi, Nasra alimwita mumewe kwa sauti ya chini.

"Njoo usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Njoo tu, Mansuri. Usivae viatu."

Walisimama mlangoni pa chumba cha mtoto. Zuleha, binti yao, bado mchanga wa kunyonya, alikuwa amelala ndani ya chandarua. Hakukuwa na mtu mwingine mle, na mle mle kulikuwa na mtu anakunywa maji. Alimeza, akapumzika, akameza tena, kwa pupa ya mtu aliyetoka safari ya juani. Chumba kilinuka Jiki, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya pasi iliyoachwa kwenye mkaa.

"Panya," Mansuri alinong'ona.

"Panya anakunywa namna hiyo?"

Kikombe cha maji kilichokuwa kwenye stuli kilikuwa kitupu, na ndani yake kumebaki ukoko mweupe wa chumvi. Mtoto alifungua mdomo kulia na kilio hakikutoka. Ulimi wake ulikuwa umegandamana na kaakaa.

Kuanzia hapo mambo yakawa hayana adabu tena. Ndoo zilikauka zikiwa zimefunikwa. Unga wa chapati ulipasuka mikononi mwa Nasra kabla hajausukuma. Halafu maziwa yake yakakatika, yote, kwa mchana mmoja, mwanamke aliyekuwa akilowesha kanga mbili kwa siku. Walinunua maziwa ya kopo, na ndani ya chupa yaligeuka magamba kabla mtoto hajavuta mara mbili. Zuleha alianza kusinyaa mbele ya macho yao, ngozi ya tumbo ukiibana haikurudi, na utosi wake ulibonyea.

Na Mansuri, Mungu amsamehe, katika hayo yote bado alikuwa na shughuli na jiwe. Alikwangua magamba machache akayatuma Dodoma kwa Jonathan, rafiki yake wa chuo, ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Jonathan alipiga simu akiwa anajizuia kucheka.

"Kaka, umenitumia kutu. Unga wa kijani mtupu."

"Yalikuwa meusi."

"Sasa ni kijani. Tena kutoka Mgeta? Huko si mnatoa kabichi?"

Mansuri alikata simu. Alilichukua jiwe zima, akalifunga kwa nailoni tabaka juu ya tabaka, akalipeleka mwenyewe kwa mtu mwenye maabara pale mjini. Walipolifungua lilikuwa kijani kama bomba la zamani. Yule mtu alimpa pole ya heshima, na ile heshima ndiyo ilimuuma. Alirudi nyumbani akalitupa kwenye rafu, akaenda kunawa, na alipopita tena lilikuwa jeusi linang'aa. Madini hayarudi nyuma namna hiyo. Alikaa kwenye kiti akataka kulia kwa hasira.

Walimkimbiza mtoto hospitali. Nesi alimtazama mara moja akasema amepungukiwa maji, wakamwekea dripu, na mpaka jioni alikuwa ananyonya kidole na kutazama taa. Nasra akalala kwa mara ya kwanza. Kesho yake adhuhuri dripu mpya ilikauka kabla nesi hajafika mlangoni, chupa ikajikunja yenyewe, na wodi nzima ikaanza kunuka Jiki mpaka wagonjwa wakauliza nani anapiga deki. Nasra alipofunua shali ya mtoto alilikuta jiwe kwenye mikunjo, jeusi na la moto.

"Umelileta huku?" aliuliza.

"Nimeliacha rafuni. Nasra, wallahi nimeliacha rafuni."

Mansuri alilichukua mpaka bwawa la Mindu akalirusha mbali kadiri mkono ulivyoweza. Lilimtangulia kurudi hospitali. Ndipo hatimaye akafanya kile alichosomea, akajaribu. Alilishika mwenyewe, akaenda nalo mwisho wa korido, na kingo zake zikaanza kuota kijani. Alimpa Nasra, likarudi jeusi, lakini jeusi la kufifia. Alilisogeza kitandani kwa mtoto, na magamba yakawaka mwanga kana kwamba yamepakwa mafuta.

"Kwangu linakufa," alisema. "Kwako linajikongoja. Kwa Zuleha linaishi."

Nasra alimfunika mtoto shali upya. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mumewe hakulielewa, na alimwomba Mungu iwe yeye ndiye amekosea.

Walirudi nyumbani kwa sababu hospitali hawakuwa na la kufanya zaidi ya kubadilisha chupa. Mansuri akamwita Ustadh Abdulswamad, anayesifika kwa kisomo mpaka Ngerengere. Ustadh alikuja na utulivu wake, akaweka ubani kwenye chetezo, na ubani ukawaka. Uliwaka wote, mpaka ukaisha, bila kutoa moshi hata kidogo. Aliutazama, akaanza kusoma. Mwanzoni sauti yake ilijaa chumba, kisha ikawa nyembamba, kisha midomo ikawa inakwenda peke yake, akaomba maji kwa ishara, na kikombe alichopewa kilikuwa kikavu kabla hakijafika mdomoni. Alitoka nje akakohoa kwenye manyunyu mpaka akapata sauti.

"Jini aliyeingia namjua namna ya kumtoa," alisema. "Huyu anasema hakuingia. Anasema ameletwa kwa mwenyewe."

"Kwa mwenyewe nani? Mwenye jiwe ni mimi."

"Hilo nimemwambia," alijibu Ustadh kwa upole. "Akacheka."

Alikataa sadaka, akaondoka akiwa amebeba makubazi mkononi.

Adhuhuri iliyofuata Mansuri alisikia tena kumeza, akaingia, na safari hii aliona. Juu ya kitanda cha mtoto hewa ilikuwa inatetema kama inavyotetema juu ya lami ya Dakawa wakati wa kiangazi, na ndani ya kule kutetema kulikuwa na mgongo wa mwanamke aliyeinama, asiye na rangi wala kivuli, ambaye alionekana tu kwa sababu ukuta nyuma yake ulipinda, na alikuwa ameweka uso wake karibu kabisa na uso wa Zuleha, mdomo kwa mdomo, akivuta, na kila alipovuta kifua cha mtoto kiliinuka na kubaki juu. Mansuri alitaka kupiga kelele, na mate ya kupigia kelele hakuwa nayo. Nyuma yake Nasra alianza kuzungumza. Hakuwa Nasra. Ilikuwa sauti ya bibi kizee anayetoa maagizo ya nyumba, nzito, isiyo na haraka, kwa Kiluguru safi, na pembe za midomo ya mkewe zilikuwa zimeingia kijani cha kutu ya shaba, na maneno yalikwenda na kwenda, na Mansuri, aliyeishi na watu hawa miaka yote hiyo na kujifunza kusalimia tu, hakuambulia hata moja isipokuwa jina la binti yake, lililotajwa tena na tena kwa mapenzi makubwa.

Ilipokwisha, Nasra alikaa chini akajifuta mdomo.

"Amesema nini?"

"Mpigie kaka Dadi."

"Nimekuuliza amesema nini."

"Na mimi nimekwambia mpigie kaka Dadi."

Dadi, kaka mkubwa wa Nasra, alikuwa Mgeta akipakia kabichi za soko la Dar, na alikuja na Fuso ya watu, ikiwa imejaa, dereva akinung'unika nje. Mzigo ukilala unachacha, na kila dakika chache simu yake iliita akaizima. Mansuri alimpa shikamoo. Dadi aliitikia akiwa tayari amesimama mbele ya jiwe na uso umemkunjamana.

"Nani alikupa ruhusa ya kulitoa?"

"Baba."

"Baba yupi?"

"Baba mkwe. Mzee Halidi. Alipanda mwenyewe, akatambika."

Dadi alifumba macho.

"Shemeji, baba yetu ni mtu mwema. Lakini kile kilima hana hata kijiwe cha kuinjikia chungu. Alikuja pale kuoa. Kilima ni cha mama, na cha mama yake mama, huko nyuma kote ni cha wanawake, na anayekisemea ni mjomba. Alipokufa mjomba wetu nikabaki mimi. Ulipita shamba langu ukanipungia mkono, ukaenda kumuuliza asiye na lake."

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa ya kitu chochote pale. Ulimfurahisha."

Mansuri alijisikia mjinga, na ujinga kwake siku zote uligeuka hasira. "Basi mimi ndiye mkosaji. Mtoto kamkosea nini?"

"Mtoto hajakosea. Mtoto ndiye mwenyewe." Dadi alimtazama mpwa wake kitandani. "Ndiye msichana wa mwisho wa ukoo. Huyu bibi wa ukoo wetu alikuwa amelala kwenye ufa wake. Amechukuliwa na mtu asiyemjua, akasomewa majina asiyoyajua, halafu akafungua macho akajikuta rafuni juu ya mjukuu wake. Unafikiri ameelewaje? Ameelewa kwamba mjukuu amemwita. Anamnywa ili aondoke naye."

Kisha alimwambia akae kimya, na Mansuri akakaa kimya, jambo gumu kuliko yote aliyofanya mwaka ule. Dadi alivua viatu, akapiga magoti mbele ya ile hewa inayotetema, akasalimia kama mtoto. Walizungumza Kiluguru. Nasra alitoa ile sauti nzito na kaka yake akaijibu, akibishana kidogo, akiinamisha kichwa, akianza upya, huku mabati juu yakialika kwa joto ingawa nje manyunyu yalikuwa palepale, huku midomo ya Dadi ikipasuka na damu ikikauka kabla haijatiririka, na Mansuri akiwa ukutani na mikono yake mitupu, akisikia bei ya mwanawe ikipangwa kwa lugha ambayo hakuona haja ya kujifunza. Mara moja alishindwa kuvumilia akauliza, "Anasema nini?" Hakuna aliyegeuka.

Halafu Nasra akalia kwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa imekwisha. Dadi alilifunga jiwe kwenye kaniki, akasimama kwa kushika ukuta, akaomba maji, na safari hii maji yalimfikia.

"Nalirudisha leo hii," alisema.

"Mmekubaliana nini?"

"Mtoto anyonye."

"Hilo tu?"

"Mtoto anyonye, shemeji. Mengine ni ya ukoo, na ya ukoo haambiwi mkwe."

Fuso iliondoka na kabichi zake na jiwe lake. Kabla ya magharibi kanga ya Nasra ililowa kifuani, na Zuleha akanyonya mpaka akasinzia na titi mdomoni. Mansuri alitoka uani akasimama kwenye manyunyu na uso juu, akamshukuru Mungu, na alimaanisha.

Shukrani ikadumu kadiri shukrani inavyodumu. Alipata kazi kwenye machimbo ya kokoto, kazi ya chini ya elimu yake, akaifanya. Zuleha akatembea, akasema, akaota meno yote, akawa mtoto mnene mwenye maneno mengi, na bado ananyonya. Nasra aliacha chungu jikoni kumnyonyesha. Alimnyonyesha harusini, nyuma ya pazia, mbele ya wageni. Mama yake Mansuri alikuja kutoka Tabora akauliza kama mtoto ni mgonjwa.

"Mwachishe," Mansuri alisema, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. "Mtu anakuja kutoka kucheza, anafungua vifungo mwenyewe. Si aibu hii?"

"Mwache."

"Mpaka lini? Mpaka aolewe?"

"Ikiwezekana," alisema Nasra, na hakuwa anatania.

Mansuri hakuelezwa sababu, kama ambavyo katika nyumba ile hakuelezwa chochote. Basi akatafuta njia yake. Alasiri akitoka kazini alikuwa akimpakata binti yake barazani na kumchokoza.

"Zuleha, wewe mdogo au mkubwa?"

"Mkubwa."

"Wakubwa wananyonya?"

Mtoto alificha uso kwa kicheko. Kila siku alificha uso kidogo zaidi.

Jumamosi moja, jua likiwa utosini, Nasra alikaa mkekani akamwita, kama kawaida. Zuleha alikuja akasimama mbele yake, akalitazama titi, akalifunika mwenyewe kwa kanga, taratibu.

"Sitaki. Mimi mkubwa."

Mansuri, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa raha. Jambo moja alilolikusudia lilikuwa hatimaye limekubali.

Nasra hakucheka. Alikuwa amebadilika rangi. "Nani amekwambia?"

"Baba."

"Mara moja tena," akasema Nasra, akimvuta, akimsukumia titi mdomoni. "Njoo mama, kidogo tu. Kidogo." Mtoto akadhani ni mchezo, akageuza uso, akabana midomo. Ndipo Nasra alipomwambia mumewe, bila kumtazama, kwa sauti iliyokuwa karibu haitoki. "Kaka na bibi walikubaliana amwache mpaka aache ziwa. Asiachishwe na mtu kwa shubiri wala kwa fimbo. Mpaka mwenyewe aseme hataki. Kaka alidhani nitaweza kumfikisha ukubwani hivi hivi. Nilikuwa naweza, Mansuri."

"Mpaka aache ziwa, halafu?"

Nasra alimbana mtoto kifuani. Jasho lililokuwa shingoni mwa Mansuri lilikuwa limekauka, lote, ghafla, na alipotaka kumeza hakukuwa na cha kumeza. Zuleha aliinua kichwa, akasikiliza upande wa mlango ambako hakukuwa na mtu. Akaitikia kwa heshima, jinsi mtoto anavyomwitikia bibi yake, kwa Kiluguru ambacho nyumba ile haikuwahi kumfundisha.

Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba," alisema, "viatu vyangu viko wapi?"